Kilemba, Korintho na neno "kumilikiwa"

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Nimelelewa katika kanisa ambalo mama zetu hawakuingia ibadani bila kilemba, lakini ninaposali sasa hakuna anayeuliza habari za kichwa. Mwezi uliopita nilikwenda kusali na mama mkwe kijijini kwao. Nilikuwa nimesuka, kichwa wazi. Mzee wa kanisa aliyesimama mlangoni aliniambia nitafute kitambaa au nikae nje, kwa kuwa sala ya mwanamke aliye kichwa wazi haimfikii Mungu. Nilikaa chini ya mwembe mpaka ibada ikaisha. Niliporudi nyumbani nikasoma 1 Wakorintho 11 nikaumia zaidi, maana imeandikwa mwanamke awe na 'dalili ya kumilikiwa'. Naomba unieleze: hili ni agizo la Mungu au ni desturi? Nywele zangu si ndizo vazi nililopewa? Na kitambaa hiki maana yake nini hasa?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu, na kila mara nimekwama pale pale, chini ya mwembe. Nimefundisha Agano Jipya kwa miaka mingi, na mimi mwenyewe hujifunika niendapo kanisani. Kwa hiyo usinisome kama mtu mwenye chuki na kilemba. Nakipenda, na ndiyo sababu sitaki kigeuzwe fimbo.

Nianze na lisiloweza kungoja. Hakuna mahali katika sura ile ya 11, wala katika Biblia nzima, palipoandikwa kwamba sala ya mwanamke aliye kichwa wazi haimfikii Mungu. Paulo anazungumzia aibu na heshima mbele ya watu waliokusanyika. Hazungumzii masikio ya Mungu. Mkumbuke Hana kule Shilo. Alisali akitikisa midomo tu, na kuhani Eli, aliyekuwa ameketi kitini penye mwimo wa hekalu, akamdhania amelewa. Mlangoni palikuwa na mtu aliyemsoma vibaya, na sala ikafika vilevile, akazaliwa Samweli. Mkumbuke pia yule mwanamke wa Luka 7 aliyeifuta miguu ya Yesu kwa nywele zake, nyumbani kwa Farisayo, mbele ya wanaume waliokuwa chakulani. Kwa Wayahudi wa zama zile nywele zilizofunguliwa hadharani zilikuwa aibu kubwa. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi uliokamilika karibu mwaka 200, inasema mke atokaye nje nywele zikiwa wazi aweza kuachwa bila kulipwa haki yake ya ndoa. Yesu hakumwambia atafute kitambaa kwanza. Alimwambia dhambi zake zimesamehewa, aende kwa amani.

Kwa hiyo sala zako za siku ile, hata hizo ulizosali nje huku unalia, hazikupotea. Sasa tunaweza kukaa chini tusome.

Korintho aliyoiandikia Paulo haikuwa ile ya kale ya Wagiriki. Ile iliteketezwa na jeshi la Rumi mwaka 146 kabla ya Kristo, ikabaki magofu kwa karibu miaka 100, mpaka Julius Caesar alipoamuru mwaka 44 kabla ya Kristo ijengwe upya kama koloni la Kirumi. Waliohamishiwa huko wengi walikuwa watumwa walioachwa huru, pamoja na askari waliomaliza utumishi. Mji ukawa na bandari mbili, biashara nyingi, watu wa kila kabila, na juu ya yote hayo mila za Kirumi. Paulo alifika huko karibu mwaka 50, akakaa mwaka mmoja na nusu akishona mahema pamoja na Akila na Prisila, kisha miaka michache baadaye akawaandikia barua hii akiwa Efeso. Kanisa lenyewe lilikutana majumbani. Usifikirie jengo lenye mabenchi na kengele. Fikiria sebule ya mtu mwenye nafasi, mabibi wa nyumba na wajakazi wao, wachukuzi wa bandarini na wafanyabiashara, wote chumba kimoja.

Sasa tazama jambo ambalo wengi hulipita haraka. Agizo la kwanza kuhusu kichwa katika sura hii si la mwanamke. Ni aya ya 4: "Kila mwanamume, asalipo, au anapohutubu, naye amefunikwa kichwa, yuaaibisha kichwa chake." Kwa nini Paulo amwanze mwanamume? Kwa sababu Mrumi mwenye cheo alipotoa dhabihu kwa miungu alilivuta pindo la toga yake, lile joho la raia wa Rumi, akalileta juu ya kichwa. Huko Korintho kwenyewe imechimbuliwa sanamu ya Kaisari Augusto akiwa amejifunika hivyo, yuko ibadani. Na mwandishi wa Kigiriki Plutarko, akisimulia habari za mtu aliyejitanda joho kichwani, anatumia maneno yaleyale aliyoyatumia Paulo katika aya hii. Mwanamume aliyejifunika kanisani alikuwa anachukua mkao wa kuhani wa miungu ya Rumi, na wakati huohuo anawaonyesha maskini waliomzunguka kwamba yeye ni nani mjini. Paulo anasema hapana. Mpaka leo askofu Mkatoliki huvua kofia zake inapofika sala kuu ya Ekaristi, na wanaume wetu huvua kofia mlangoni bila kufikiri. Ni mwangwi wa aya hiyohiyo.

Halafu inakuja aya ya 5: "Bali kila mwanamke asalipo, au anapohutubu, bila kufunika kichwa, yuaaibisha kichwa chake." Nakuomba usiikimbilie sehemu ya mwisho. Ukae kwanza na "asalipo, au anapohutubu." Kuhutubu ndilo neno ambalo Biblia yetu ya Union imelitumia kwa kile ambacho Kigiriki hukiita kutoa unabii, yaani kulileta neno la Mungu kwa watu kwa sauti. Paulo haulizi kama mwanamke anaruhusiwa. Analichukua kama jambo la kila juma: mwanamke amesimama, anasali, anahutubu, watu wanasikiliza. Hakuna anayebishania sauti yake. Kinachojadiliwa ni kitambaa chake tu. Na sura tatu mbele, watu wanaponukuu "wanawake na wanyamaze katika kanisa," wakumbuke kwamba Paulo huyohuyo amekwisha kueleza namna ambavyo mwanamke atavaa wakati akihutubu. Lolote analomaanisha sura ya 14, haliwezi kuwa ukimya wa daima.

Kitambaa kile kiliwaambia nini watu wa Korintho? Hapa ndipo moyo wa jambo ulipo, na hapa ndipo sisi wasomaji wa Kiswahili tuna macho ambayo wengine hawana.

Katika dunia ile ya kale, kufunika kichwa hakukuwa haki ya kila mwanamke. Sheria za Waashuru, zilizoandikwa zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Kristo, ziliamuru wake za watu na wajane wajifunike watokapo barabarani, na ziliwakataza makahaba na wajakazi. Kahaba akikutwa amejitanda alichapwa viboko 50 na kumwagiwa lami kichwani. Rumi haikufika ukatili huo, lakini maana ilibaki. Bibi wa heshima, mke wa ndoa halali, alitoka na ushungi wa joho lake, liitwalo pala. Bibi harusi alivikwa shela ya rangi ya moto. Gaius Sulpicius Gallus, aliyekuwa konsuli, yaani mkuu wa serikali ya Rumi, mwaka 166 kabla ya Kristo, alimwacha mkewe kwa sababu tu alionekana nje kichwa wazi. Na mwanasheria Ulpian, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 3, anaeleza kuwa anayemsumbua msichana njiani kosa lake huwa dogo zaidi ikiwa msichana amevaa nguo za kitumwa. Yaani nguo ilisema: huyu ana wenyewe watakaomtetea, usimguse, au: huyu hana mtu, fanya utakalo.

Ukitaka kuielewa Korintho bila kufungua kitabu cha Kigiriki, waulize wazee wa Unguja. Zama za utumwa, kabla haujafutwa kisheria mwaka 1897, mjakazi alijulikana kwa nguo yake: merikani isiyo na rangi au kaniki, amejifunga kifuani, kichwa kitupu. Kujitanda kulikuwa kwa mabibi. Utumwa ulipokwisha, mojawapo ya mambo ya kwanza ambayo wanawake wale walifanya ni kununua kanga za rangi na kujitanda nazo. Hakuna aliyewalazimisha. Wakifunga ushungi walikuwa wanatangaza kwamba sasa na wao ni watu huru, wana heshima zao, wana majina yao.

Basi sasa urudi katika ile sebule ya Korintho. Paulo mwenyewe anasema katika sura ya kwanza kwamba walioitwa hawakuwa wengi wenye cheo. Katika sura ya 7 anazungumza na watumwa moja kwa moja. Kulikuwa na wajakazi mle, wanawake walioachwa huru juzi tu, labda na wengine waliokuwa wameuzwa miili yao kabla ya kuamini. Na Paulo anasema "kila mwanamke." Hakusema kila mke wa raia, wala kila bibi wa nyumba. Ndivyo ninavyoisoma mimi: kitambaa ambacho mji ulimnyima mjakazi, kanisa linamvika. Akisimama kusali, hakuna wa kumtazama kama kitu cha kuchezea. Anasimama na heshima ileile ya bibi yake aliyeketi pembeni. Wako wasomi wanaoona kwamba kinachozungumzwa ni nywele zilizosukwa na kubanwa, dhidi ya nywele zilizomwagwa mabegani kama walivyofanya wanawake katika sherehe za mungu wa mvinyo. Siwapuuzi. Hata ukiwafuata, maana inabaki ileile: mwanamke anayesali asionekane kama asiye na heshima yake.

Ndiyo maana neno lililokuumiza linaniumiza na mimi. Aya ya 10 katika Biblia ya Union, ile iliyotoka mwaka 1952 ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, inasema: "Kwa hiyo imempasa mwanamke awe na dalili ya kumilikiwa kichwani, kwa ajili ya malaika." Naiheshimu sana Biblia hii. Kiswahili chake ndicho kilichonifundisha kusali. Lakini hapa wafasiri wameongeza, na walichoongeza kimegeuza sentensi. Paulo ameandika kwa ufupi mno: mwanamke anapaswa kuwa na eksusia juu ya kichwa. Basi. "Dalili" haimo. "Kumilikiwa" haimo. Eksusia ni mamlaka, uwezo, haki ya mtu kutenda.

Tena maneno haya, "kuwa na eksusia," si mageni katika Agano Jipya. Katika Marko 2 Yesu anasema "Mwana wa Adamu anayo amri duniani ya kusamehe dhambi." Neno ni lilelile. Ni nani angesoma pale kwamba Mwana wa Adamu anamilikiwa na dunia? Katika Ufunuo 14 yuko malaika mwenye mamlaka juu ya moto. Hakuna aliyewahi kusema moto ndio unaomtawala malaika. Na Paulo mwenyewe, kurasa chache kabla, anauliza katika sura ya 9, "Hatuna uwezo wa kula na kunywa?" Neno lilelile tena, na linamaanisha haki aliyonayo yeye. Kila mahali mwenye eksusia ndiye anayeitumia. Mwanamke wa aya ya 10 tu ndiye aliyegeuziwa kibao. Vulgata, ile Biblia ya kale ya Kilatini, iliandika tu potestas, mamlaka, ikaacha hivyo. Wafasiri wa baadaye katika lugha nyingi waliona sentensi kama imekatika, wakaikamilisha kwa mawazo yao kuhusu wanawake, na msomaji akadhani ni mawazo ya Paulo.

Kwa msomaji wa pwani neno lile lina kovu. Wakristo wa mwanzo wa makanisa ya Anglikana ya Unguja na Mombasa, kule Mbweni na Freretown, wengi wao walikuwa watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kanisa kuu la Mkunazini limejengwa mahali penyewe palipokuwa soko la kuuzia watu, soko lililofungwa mwaka 1873. Kumwambia binti au mjukuu wa watu hao kwamba kitambaa chake ni alama ya kumilikiwa ni kumfungia tena mnyororo ambao wazazi wake walivuliwa. Mimi ninapoifundisha aya hii naisoma hivi: "Kwa hiyo mwanamke anapaswa kuwa na mamlaka juu ya kichwa chake, kwa ajili ya malaika." Kitambaa, kwa maana hiyo, ni kibali chake cha kusimama na kunena.

Na malaika wanaingiaje? Tertuliano wa Karthago, mwanzoni mwa karne ya 3, aliwaza wale wana wa Mungu wa Mwanzo 6 waliowatamani binti za wanadamu, akaona nywele za wanawake ni hatari kwa mbingu. Mimi sioni hivyo hata kidogo. Magombo yaliyopatikana Qumran kando ya Bahari ya Chumvi yanaonyesha kwamba Wayahudi wa wakati ule waliamini malaika watakatifu wanakuwapo kusanyiko linapokusanyika, na hivyo kila kitu kiwe na adabu inayostahili ugeni huo. Ongeza na 1 Wakorintho 6:3, ambapo Paulo anawauliza kama hawajui kwamba watawahukumu malaika. Watu wa namna hiyo, wanaume kwa wanawake, wanasimama ibadani wakiwa na mamlaka, na mbingu inatazama.

Utaniuliza habari ya "kichwa cha mwanamke ni mwanamume." Kuna mabishano marefu kama neno kichwa pale lina maana ya mtawala au ya chanzo, kama kichwa cha mto. Sitayamaliza hapa. Nakuomba tu usome mpaka aya ya 11 na 12, ambapo Paulo anajirekebishia mizani mwenyewe: si mwanamke pasipo mwanamume, wala mwanamume pasipo mwanamke, katika Bwana, kama mwanamke alitoka kwa mwanamume, vivyo hivyo mwanamume huzaliwa na mwanamke, na vitu vyote hutoka kwa Mungu. Anayeihubiri aya ya 3 akaikata hapo amehubiri nusu.

Sasa nywele. Umeuliza kama nywele zako si ndizo vazi ulilopewa, kwa sababu ya aya ya 15. Nakuelewa, na najua hoja hiyo inapendwa. Lakini nikiwa mkweli kwako, haisimami vizuri. Kama nywele zenyewe ndizo ufuniko, basi aya ya 6, "mwanamke asipofunikwa na akatwe nywele," ingekuwa inasema asiye na nywele akatwe nywele. Paulo anachosema ni kwamba maumbile yamekwisha kutoa mfano: kama nywele zinavyomtanda mwanamke, ndivyo na kitambaa. Ni hoja ya mfano. Haikusudiwi kufuta kitambaa.

Ila hoja hiyo hiyo ya maumbile inatuonyesha jinsi Paulo alivyozungumza na mji wake. Anasema maumbile yenyewe hufundisha kwamba nywele ndefu kwa mwanamume ni aibu. Mpeleke Paulo Umasaini. Huko moran ndiye mwenye nywele ndefu zilizosukwa na kupakwa ngeu nyekundu, na mwanamke hunyoa kichwa kikang'aa, na huo ndio urembo wake na heshima yake. Je, maumbile ya Wamasai ni mengine? Wasichana wetu wa shule wamenyolewa vizazi na vizazi, na hakuna aliyeona aibu ya aya ya 6. Paulo alitumia neno maumbile kama tunavyosema "ndivyo ilivyo," akimaanisha lile ambalo watu wa mahali pale wote waliliona la kawaida. Ndiyo maana anawaambia "hukumuni ninyi katika nafsi zenu," na anafunga kwa neno desturi. Amri Kumi hazikufungwa kwa maneno hayo.

Makanisa yamefanyaje tangu hapo? Kwa karne nyingi karibu wanawake wote Wakristo walijifunika. Huko Rumi, katika makaburi ya chini ya ardhi ya Priscilla, kuna picha ya karne ya 3 ambayo siwezi kuiona bila kukaa kimya: mwanamke amesimama, amejitanda ushungi, mikono miwili imeinuliwa, macho yameelekea juu. Anasali. Yeye ndiye mwenye picha, na amechorwa mkubwa katikati ya ukuta. Tertuliano niliyemtaja aliandika kitabu kizima akitaka hata mabikira wasioolewa wajifunike, na humo anashuhudia kwamba Wakorintho wa siku zake walikuwa wakifanya hivyo. Lakini kuandika kitabu kizima ni ushahidi kwamba palikuwa na wasiofanya.

Kanisa Katoliki liliweka jambo hili katika sheria yake ya mwaka 1917: wanaume kichwa wazi, wanawake wamejifunika, hasa wanapokaribia meza ya Bwana. Mwaka 1976 idara ya Vatikani inayosimamia mafundisho ya imani ikaandika kwamba agizo hilo la Paulo lilihusu desturi za wakati wake na halina tena nguvu ya sheria, na sheria mpya ya mwaka 1983 haikulirudia. Ndiyo maana WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, wanapofunga vilemba vya vitenge wanavaa sare ya umoja wao, na asiyevaa hatendi kosa la kanisa. Ethiopia ni habari nyingine: kule netela, shuka nyepesi nyeupe ya pamba, huvaliwa kanisani na wanaume na wanawake pia, mwanamke akijitanda kichwani, na hata mgeni huona kwamba watu wamekuja mahali patakatifu. Wamennonite waliofika Shirati, mkoani Mara, mwaka 1934 walitoka Pennsylvania, ambako wanawake wao walivaa kofia nyeupe za sala wakiitii sura hii neno kwa neno. Na Waakorino wa Kenya, ambao kanisa lao lilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kule Ukikuyuni, wamefunga vilemba vyeupe wanaume kwa wanawake, na mwanamume hakivui asalipo. Hao nao wanaisoma Biblia kwa machozi. Kwao kilemba cheupe ni utakaso, na hakuna anayemwona mwanamume wa Kiakorino akadhani anamtolea dhabihu Jupita, mungu wa Warumi.

Umeuliza: agizo au desturi? Jibu langu ni kwamba Paulo alitoa agizo kwa kutumia desturi. Agizo ni kwamba mtu yeyote anaposimama mbele ya Mungu asitumie mwili na mavazi yake kujikweza, wala asivunjiwe heshima, na kwamba mwanamke anayenena anene kwa mamlaka na si kwa kuvumiliwa. Hilo halijapitwa na wakati. Kitambaa kilikuwa lugha ya Korintho ya kulisema hilo. Mahali ambapo kitambaa bado kinasema hivyo, kama Ethiopia, kama vijiji vingi vya kwetu, nakuambia kivae kwa furaha. Mahali ambapo hakisemi kitu tena, mwanamke aliye kichwa wazi hajamkosea Mungu. Na mahali ambapo kimefanywa kipimo cha nani aingie na nani abaki nje, kinasema kinyume cha alichokusudia Paulo, maana yeye alikitumia kuwaingiza wanawake katikati ya ibada.

Nywele za kusuka, nisisahau, si tatizo kabisa. Wanaokusomea 1 Timotheo 2:9 wasome aya yote: imeambatanisha kusuka na dhahabu, lulu na nguo za thamani. Kilichokatazwa ni matajiri kuja kuwatambia maskini kanisani. Mistari mitatu ya mkono ya kina mama wa Morogoro haimtambii mtu.

Kuhusu kurudi kwa mama mkwe, nenda, na chukua kanga. Usiichukue kwa kumwogopa mzee wa mlangoni. Sura za 8 mpaka 10 za barua hii hii zinazungumzia mtu mwenye haki anayeamua kutoitumia ili asimkwaze ndugu: "angalieni huu uwezo wenu usije ukawa kikwazo kwao walio dhaifu." Uwezo pale ni eksusia tena. Mama mkwe amekuwa akijitanda ibadani tangu ujana wake, na ukijitanda pembeni yake utampa heshima ambayo hatahitaji kuieleza. Lakini aya hiyo inamhusu na mzee pia. Kumwacha mama wa watoto wawili chini ya mwembe ibada nzima ni kikwazo kikubwa kuliko kichwa kitupu. Mwombe mama mkwe au mumeo akazungumze naye kwa utaratibu, siku isiyo ya ibada, ana kwa ana. Nisingependa uende peke yako. Na mpelekeeni pendekezo: katika makanisa mengi ya Kiorthodoksi huwekwa kikapu cha vitambaa safi mlangoni, mgeni akija bila hujitwalia, akitoka hurudisha. Doti mbili tatu za kanga zinatosha kwa kanisa la kijijini. Ukiweza, zinunue wewe.

Kisha ukishaingia na kukaa, na kina mama wakakuomba uongoze sala, simama uongoze. Kama yuko atakayekuambia kwamba mwanamke hasali kwa sauti mbele ya wanaume hapa, mfungulie aya ya 5, umsomee polepole kuanzia mwanzo, huku kanga yako ikiwa kichwani.